Salimu Hakurudi Ngamiani

Nilimtupia kitabu kabla sijamsalimia.

Kilimpiga begani, kikaanguka katikati ya mabuti ya wachimbaji yaliyopangwa miguuni pake. Nkwabi aliinua uso, sindano ikabaki imechomeka kwenye soli.

"Noela! Si ulisema unarudi kesho?"

"Usiniulize nimerudi lini. Okota hicho kitabu, fungua ukurasa wa mwisho, usome. Soma kwa sauti, na wateja wako wasikie."

Wateja wenyewe walikuwa wawili, wachimbaji waliokuwa wanasubiri mabuti yao. Waliniangalia, wakaangaliana, mmoja akasema, "Fundi, sisi tutapitia baadaye." Wakaondoka haraka, mmoja wao akiwa na buti mguu huu na ndala ya fundi mguu ule. Siku nyingine ningecheka.

Kwa asiyetujua, ngoja nieleze, maana nikiwa na hasira huwa naanzia katikati. Nkwabi ni fundi viatu hapa Kharumwa. Kibanda chake kiko njia ya kwenda sokoni, jirani na mashine ya kusaga. Kazi yake kubwa ni mabuti, kwa sababu mashimo ya dhahabu yanakula mabuti kuliko wachimbaji wanavyokula chakula. Lakini chini ya benchi ana sanduku la bati lililojaa riwaya. Ni za zamani, nyingi hazina majalada, amezishona kwa uzi wa viatu na kuzibandika kwa gundi ileile ya soli, ndiyo maana sisi wasomaji wake nyumba zetu zote zinanuka gundi. Anaziazima kwa yeyote. Ukienda hakuulizi unataka kitabu gani, anakuuliza, "Unaumwa wapi?" Umeachwa, ana chako. Umefiwa, ana chako. Umegombana na mama mkwe, anavyo viwili, na anakupa na ushauri juu. Watu wanamcheka, kisha wanarudi.

Na mimi ni Noela, mshonaji, mwenyeji wa Kishapu, nimehamia hapa na cherehani yangu mwaka wa nne huu. Nilikuwa mchumba wake. Jumamosi wazee wake walikuwa waende Kishapu kwa Shangazi Philomena aliyenilea, wakazungumzie ng'ombe wa mahari. Siku hiyo ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi, na mpaka asubuhi yake nilikuwa mwanamke mwenye furaha zake.

Nilikuwa nimekwenda Shinyanga mjini kutafuta kitambaa. Nimemaliza dukani, napita karibu na stesheni, nikamwona mzee mmoja ametandika turubai chini na vitabu vilivyotumika juu yake. Nikainama kuangalia tu. Nikakiona! *Nitarudi Ngamiani*, kizima, na jalada lake, na picha ya Rukia, msichana wa hadithi yenyewe, amesimama dirishani. Nilipiga kelele hadi yule mzee akadhani nimekanyaga mwiba.

Kitabu hicho ndicho kilichoniinua mimi. Cha kwetu hakina jalada, na kurasa zake kumi na moja za mwisho zimeandikwa kwa mkono kwenye karatasi za daftari. Nkwabi aliponipa mara ya kwanza aliniambia zile za kuchapwa zilichakaa, akanakili kutoka kitabu kingine. Kwa hiyo nilisema, acha nimnunulie kizima iwe zawadi yake. Nikakaa kwenye benchi pale stesheni, nikafungua mwisho, nisome kidogo lile fungu ninalolijua kwa moyo, lile ambalo Salimu, mpenzi wake Rukia, anarudi.

Salimu hakurudi.

Nilisoma mara tatu. Rukia anangoja, mvua zinakuja na kwenda, barua zinakoma, mama yake anazeeka, na siku moja Rukia anafunga dirisha, anakwenda kuinjika chai ya mtu mmoja. Basi. Kitabu kimeisha. Niligeuza nyuma nione kama kuna kurasa zilizotoka, hakuna. Nilipofika kwenye orodha ya vitabu vingine vya kampuni iliyokichapa nilijua hakuna cha kutafuta tena.

Na pale pale, kwenye benchi la stesheni, akili zikanirudia. Katika kurasa za Nkwabi, Salimu anaingia Ngamiani anaswaga ng'ombe kumi na wawili. Katikati ya mji wa Tanga! Mama yake Rukia anampokea akisema, "Wabeja, baba, wabeja sana!" Kisha wanakaa mkekani wanaletewa michembe na karanga. Nyie! Mmepata kusikia wapi mama wa Tanga anashukuru kwa Kisukuma na kumkaribisha mkwe kwa viazi vikavu? Nimesoma fungu hilo miaka miwili nalia machozi ya raha, na mimi Msukuma niliona ni sawa kabisa, nikadhani na wao ndivyo wanavyokula. Aibu niliyoiona, nilijifunika khanga usoni mbele za abiria.

Nikampigia Shangazi hapo hapo. Nikamwambia kila kitu. Hilo nalo lilikuwa kosa, maana Shangazi Philomena hajawahi kumtaka Nkwabi. "Mtu wa kushika miguu ya watu," huwa anasema. Moyo wake uko kwa Thobias, karani wa pamba wa Kishapu. Alinisikiliza, akashusha pumzi ya mtu aliyepata alichokuwa anakiomba.

"Basi niwaambie wazee wake wasije?"

"Ngoja nikamwone kwanza."

"Kamwone. Lakini jua likizama nataka jibu, Noela. Nikishawakatalia wazee wa watu, sitawaita tena."

Ndiyo nimefika hapo kibandani, jua limeshaanza kuteremka, kitabu nimekirusha.

Nkwabi alikiokota. Alipoona jalada, mikono yake ilisimama. Hakuufungua ukurasa wa mwisho. Hakuwa na haja.

"Umekipata wapi?"

"Kwa hiyo unakijua."

"Nakijua."

"Ulisema umenakili, Nkwabi. Ulinitazama machoni ukasema, 'Nimenakili kutoka kitabu kingine.' Kitabu kipi?"

"Hakikuwepo kingine."

"Na kurasa za kweli zilichakaa?"

Alikiweka kitabu juu ya benchi. Mashine ya kusaga ilikuwa inapiga kelele, ikabidi nisogee ili nimsikie.

"Nilizikata mimi," akasema. "Kwa kisu cha ngozi."

Nilitaka kukaa, nikakataa kukaa. Mtu akiwa na haki yake hakai kwenye kigoda cha mkosaji.

"Kwa nini?"

"Unakumbuka siku uliyokuja?"

Nitaisahauje? Nilikuja na ndala iliyokatika. Mtoto wangu alikaa duniani siku tisa, na wiki mbili baada ya kumzika nilikuwa natembea tu, najifanya nina shughuli. Baba yake, Herman, alikuwa machimboni huko Geita. Hakuja kwenye ujauzito, hakuja kwenye uzazi, hakuja kwenye mazishi. Alituma ujumbe, "Nakuja, vumilia." Nikavumilia. Nkwabi alipokea ndala, akaniuliza swali lake la kila siku, "Unaumwa wapi?" nikamjibu, "Kila mahali."

"Nilikupa kitabu," Nkwabi akasema, "kwa sababu mwanzo wake unachekesha. Ukafungua umesimama hapo hapo ulipo sasa. Rukia anamfokea muuza ndizi. Ukacheka, Noela. Kidogo tu, halafu ukashika mdomo kama umefanya dhambi. Ndipo nikaukumbuka mwisho. Nikakwambia uzi umelegea, kiache, urudi Alhamisi."

"Nikarudi Alhamisi."

"Ukarudi. Nilikuwa nimeshaandika."

"Ungenipa kingine!"

"Ulikuwa umeshacheka na hicho."

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. Mtu ukimfokea akikufokea, mnakuwa sawa. Huyu alikaa na sindano yake mkononi, macho yake mekundu ya gundi yananitazama kana kwamba mimi ndiye ninayehitaji kuhurumiwa.

"Usinitazame hivyo!" nikamwambia. "Hivyo ndivyo ulivyonitazama siku ile, ndiyo maana ukanifanyia hivi. Nani alikutuma unichagulie? Mimi nilimfunika mwanangu udongo kwa mikono hii, Nkwabi. Mikono hii! Mwanamke aliyefanya hivyo, wewe ukakaa kwenye kigoda ukaona hawezi kumaliza kitabu?"

Aliichomeka sindano kwenye soli tena.

"Nijibu!"

"Niliona wewe unaweza," akasema. "Mimi ndiye niliyeshindwa. Sikuweza kukaa hapa nikijua uko chumbani kwako unafika ukurasa ule."

"Kwa hiyo ulijihurumia mwenyewe."

"Ndiyo. Labda."

"Hakuna labda! Na unajua kurasa zako zilinifanya nini?"

"Najua."

"Hujui!"

"Kila Ijumaa saa tisa," akasema, akainamisha macho kwenye lile buti, "ulikuwa unapita hapa kwenda stendi kungoja basi la Geita. Umevaa gauni la bluu. Wakati wa kurudi ulikuwa hupiti hapa, unazunguka kule nyuma ya mashine, usionekane."

Nikahisi damu inanipanda mpaka masikioni. Miaka yote nilidhani hakuna aliyeniona. Ndiyo, nilikuwa nakwenda. Salimu alikuwa amepotea miaka sita, akarudi. Herman alikuwa na miezi tu, kwa nini asirudi? Zile kurasa zilikuwa zinanilisha siku ambazo chakula hakipiti. Nilikuwa nikisoma pale Rukia anaposikia kwato za ng'ombe nje, nainuka kitandani, naoga, nakaa kwenye cherehani. Siwezi kusema uongo, zilinisimamisha. Lakini zilinisimamisha stendi! Mwaka mmoja na miezi miwili nilipokea basi la watu wengine. Mpaka dereva mmoja akanihurumia, akaniita pembeni akaniambia, dada, huyo Herman unayemuulizia ana mke kule, na juzi wamebatiza mtoto.

"Uliniona," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imeshuka, na mimi nikishusha sauti ndiyo hatari zaidi. "Uliniona kila Ijumaa, ukijua ni kwa sababu ya maneno yako, ukanyamaza."

"Mwanzoni nilidhani kweli atakuja."

"Halafu?"

"Noela..."

"Halafu nini?"

"Halafu nikaanza kuomba asije." Aliweka buti chini. "Nilikuwa nikiona gauni la bluu linapita, najisemea, Mungu, basi liharibike njiani, lisifike. Mtu anayeomba hivyo atakufuata na kukwambia, 'Yule wa kitabuni ni uongo wangu, acha kungoja'? Ungeona nasema kwa faida yangu. Na ingekuwa kweli. Nikanyamaza."

Hiyo ndiyo iliyoniudhi kuliko yote, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa uongo mwingine na nikakuta ni ukweli. Na ukweli wenyewe ulikuwa umekaa ndani yake miaka miwili bila kunifikia. Alikuwa ananipenda, akaandika mwenyewe kitabu cha kunifanya nimngoje mwanaume mwingine! Kuna mpumbavu wa namna hiyo wilaya yetu nzima ya Nyang'hwale? Machozi yalinitoka, nikayafuta kwa ghadhabu ili asidhani ni ya huruma.

Simu ikalia mkobani. Shangazi.

"Vipi, umemaliza naye?"

"Bado, Shangazi."

"Mbona unalia? Anakupiga?"

"Hanipigi. Huyu hata inzi hampigi. Ngoja nitakupigia."

"Jua, Noela. Hapa kwetu linaniingia mlangoni."

Nikakata. Nkwabi alikuwa amesikia, kwani Shangazi akiongea kwa simu ni kama yuko kwenye mkutano wa hadhara. Hakuniuliza ni jibu gani linalongojwa. Alijua. Akachukua kopo la maji akanywa, maji mengine yakamwagikia shati.

Ndipo tukasikia hodi.

Alikuwa Martina. Kharumwa nzima tunamjua Martina tangu masika, shimo lilipoporomoka likamchukua mume wake. Ni binti mdogo tu, hajafika miaka ishirini na mitano, kajifunga kitambaa cheusi kichwani, kakonda mpaka mifupa ya shingo inahesabika. Alitukuta sote nyuso zimeharibika.

"Samahani," akasema. "Naona nimekuja vibaya."

"Karibu, Martina," Nkwabi akasema. Hakumuuliza anaumwa wapi.

"Nilikuwa nataka kile kitabu cha Tanga. Kile kilichomsaidia dada Noela." Akanigeukia, akaona macho yangu, akasita. "Watu wanasema, dada, kwamba ndicho kilichokuinua. Usiku... yaani sasa hivi siwezi kukaa na mawazo yangu mwenyewe. Nikasema labda nikikaa na ya mtu mwingine."

Nkwabi aliinama, akavuta sanduku la bati, akakitoa kile chetu kisicho na jalada. Mkono wa kulia kashika hicho, mkono wa kushoto kashika kile nilichomtupia. Akanitazama. Nilielewa. Alikuwa ananiachia mimi niamue, na nilikasirika upya. Leo ndiyo anakumbuka kuuliza!

Nilivichukua vyote viwili. Nitasema ukweli wangu: nilikuwa na nia ya kumpa kile cha kweli. Nilikuwa namtazama yule binti, nasema moyoni, huyu asidanganywe kama nilivyodanganywa mimi. Huyu asije akavaa gauni akaenda kungoja kitu.

"Martina, kaa hapa," nikamwambia, nikamvutia kigoda. "Sikiliza. Hivi vitabu ni kimoja, lakini miisho ni miwili. Hiki chenye jalada ndicho alichoandika mwandishi. Mwanaume anaondoka na harudi. Hiki kingine, kurasa za mwisho zimetungwa na mtu mwingine. Humo mwanaume anarudi. Mimi walinipa hicho cha pili wasiniambie, nikadhani ni kweli, kikanipotezea muda mwingi. Wewe nakwambia kabla hujafungua. Chagua mwenyewe."

Martina alivitazama. Alichukua kile chenye jalada, akamtazama Rukia dirishani, akakirudisha mkononi mwangu taratibu.

"Wangu nimemzika, dada," akasema. "Nilikuwepo wakimtoa. Niliosha mwenyewe udongo masikioni mwake. Hakuna kitabu kitakachonidanganya kwamba anarudi." Akanyoosha mkono kwenye kile chetu kilichoshonwa kwa uzi wa viatu. "Nipe hiki. Nataka kumwona mtu mmoja tu akifika kwao salama. Hata kama ni wa kutunga."

Nilisikia nyuma yangu Nkwabi anavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo, na sikutaka atue bado.

"Subiri," nikamwambia Martina. Nikafungua kitabu kwenye ule mshono, pale karatasi za daftari zinapoanzia, nikamwekea Nkwabi mbele yake juu ya benchi. "Chukua kalamu."

"Niandike nini?"

"Jina lako. Aliyesema haya ajulikane."

Alichukua ile kalamu ya kuchoria soli. Aliandika juu kabisa ya ukurasa, polepole, na mimi nilisoma kila herufi ikitoka: *Kuanzia hapa maneno ni yangu mimi, Nkwabi, fundi viatu wa Kharumwa. Mwandishi hakusema hivi. Mimi ndiye niliyetaka arudi.*

Martina alisoma. Akamwangalia Nkwabi, akasema, "Wabeja, fundi." Kisha akakifunga kitabu, akakibana kifuani kwa mikono miwili, akaondoka. Alipofika kwenye kona ya mashine ya kusaga nilimwona ameshakifungua, anasoma anatembea, na watu wanampisha.

Tukabaki wawili. Jua lilikuwa limefika kwenye mabati ya nyumba za ng'ambo ya barabara. Nilikaa kwenye kile kigoda alichoacha Martina, si kwa sababu nimesamehe, miguu ilikuwa imechoka.

"Mwisho wenyewe haukuwa kosa," nikamwambia. "Nataka ulielewe hilo. Ungeniambia siku ile, 'Dada, mwisho wa kitabu hiki ni mbaya, nimeuandika upya,' ningekushukuru. Ningeusoma vilevile, ningelia vilevile. Lakini stendi nisingekwenda."

"Nimeelewa."

"Umeelewa leo, mbele ya Martina. Mimi nilikuwa nakupigia kelele saa nzima hujaelewa."

"Nilielewa tangu Ijumaa ya kwanza," akasema. "Nilikosa ujasiri tu."

"Na hilo ndilo la pili. Umeniandikia kurasa kumi na moja, Nkwabi. Umeniazima vitabu sijui vingapi. Ulipotaka kunioa ukamtuma mjomba wako, akaja kwangu na kofia mkononi kusema kwamba kuna kijana wake ana neno. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, tangu nikujue, umeniambia nini?"

Aliangalia sanduku lake la bati.

"Usiangalie huko. Hakuna atakayekusaidia humo. Sema."

Wapita njia walikuwa wanapita, mama mmoja mwenye debe la mahindi kichwani akapunguza mwendo ili asikie. Nkwabi aliona, uso ukamwiva, lakini hakunyamaza. Akafuta mikono kwenye aproni yake, akasimama, kana kwamba neno lenyewe halisemwi umekaa.

"Nakupenda," akasema, na akalisema kwa nguvu kuzidi mashine. "Nimekupenda tangu uliposema 'kila mahali.' Nilikudanganya, na nilijua nakudanganya, na kila Ijumaa nilijua. Kama Herman angeshuka kwenye lile basi, ningekushonea viatu vya harusi yako na yeye, halafu sijui ningefanya nini. Sitakudanganya tena. Hata pale ukweli ukiwa mbaya, nitakuletea, tutausoma wote. Hivyo tu. Sijui hii inaishaje, Noela, na safari hii siwezi kukata."

Yule mama wa debe akasema, "Heee!" akaendelea na safari yake.

Nilimtazama amesimama, shati limelowa maji, kalamu ya soli nyuma ya sikio, mwanaume mzima anajianika kwa ajili yangu mbele za watu barabarani. Nilitafuta ile hasira, nikaikuta ipo, haijapungua hata kidogo. Ila nilipotafuta vizuri nikaona haikuwa na safari ya kwenda Kishapu. Ilikuwa inataka kubaki hapo hapo, karibu naye, ipate mtu wa kuisikiliza.

Nikatoa simu. Shangazi alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Ehe! Niwaambie wasije?"

"Waje, Shangazi."

Nikasikia kuku wa Kishapu kwa mbali.

"Umemsamehe?"

"Sijamsamehe."

"Sasa waje kufanya nini, mtoto wewe? Una hasira naye hivyo!"

"Ninazo nyingi," nikasema, nikimwangalia Nkwabi usoni ili asikie vizuri, "haziwezi kwisha kwa siku mbili. Waache waje wazungumze. Nitamalizia kumkasirikia nikiwa nyumbani kwake."